Kesi ya Theodor Reik, Vienna 1925 hadi 1927: katibu wa chama anashtakiwa kwa kutibu bila udaktari

Watu wengi wa kazi yetu hii ya ushauri nasaha na tiba ya mazungumzo wakisikia jina la Theodor Reik wanakumbuka kitu kimoja tu, kwamba Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna aliyeanzisha saikoanalisisi (tiba ya kuchambua kwa mazungumzo yaliyojificha akilini mwa mtu), alimwandikia kijitabu cha kumtetea, halafu wanaishia hapo. Mi naona hapo ndo kisa kinaanza. Nimeamua kukiandika chote kwa sababu tuko na wenzetu wengi ambao wana ofisi zao binafsi na papo hapo ni viongozi wa chama, na tukikaa kuongea shida zinazotoka ni zilezile za Vienna ya miaka ya 1920: nani ana haki ya kuitwa mtaalamu, mteja akilalamika aende wapi, na kiongozi afanye nini kama anayelalamikiwa ni mtu wake wa karibu.

Reik alizaliwa Vienna, Austria, Mei 1888. Akasoma saikolojia chuo kikuu hapo hapo mjini, akapata udaktari wa falsafa 1912 (yaani PhD, si udaktari wa kutibu), na tasnifu yake ilikuwa juu ya mwandishi Mfaransa Flaubert, imeandikwa kwa jicho la saikoanalisisi wakati ambapo vyuo vikuu vilikuwa havitaki hata kuisikia. Alikuwa kijana asiye na pesa. Alipokutana na Freud alikuwa anafikiria aingie shule ya udaktari kwanza ndo aje afanye hii kazi vizuri, Freud akamwambia asihangaike na hiyo, kipaji chake kiko kwenye utafiti na uandishi, udaktari utamla miaka bure. Freud akamsaidia pesa, akampeleka kwa Karl Abraham, mchambuzi mwenzake kule Berlin, akafanyiwa uchambuzi, yaani hiyo saikoanalisisi, bila kutozwa ada, kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja akaenda jeshini, aliporudi akafungua kazi yake binafsi Vienna na akawa katibu wa chama cha wanasaikoanalisisi cha mji huo.

Hapo tusimame kidogo, maana wengi wanaruka. Yule aliyemshauri asisome udaktari ndiye aliyekuwa mwalimu wake, ndiye aliyekuwa kichwa cha harakati nzima, na ndiye aliyekuwa akimtumia wateja. Ushauri wenyewe wa kitaaluma huenda ulikuwa sahihi, mimi naamini ulikuwa sahihi, Reik alikuwa msikilizaji wa hali ya juu. Lakini hatari ya kisheria ya huo ushauri haikumwangukia Freud hata kidogo, Freud alikuwa daktari mwenye shahada yake, hakuna askari angemgusa kwa kosa hilo. Ilimwangukia kijana. Kiongozi anapomwambia mtu wa chini yake "wewe endelea tu, hiyo karatasi si muhimu", huyo wa chini ndiye atakayeulizwa karatasi siku ya siku.

Na sheria ya Austria haikuwa na kona. Kumtibu mgonjwa kama huna shahada ya udaktari ni kosa, hata kama mgonjwa kaja kwa miguu yake mwenyewe na analipa kwa hiari. Ukivuka mpaka tu ukaingia Ujerumani mambo yalikuwa tofauti kabisa, huko mtu yeyote aliruhusiwa kutibu mradi asijiite daktari. Kwa hiyo kazi ileile, kiti kilekile, mazungumzo yaleyale, Berlin ni halali na Vienna ni jinai.

Mwaka 1925 serikali ya mji wa Vienna ikampiga Reik marufuku kufanya kazi hiyo. Freud akamwandikia Julius Tandler, aliyekuwa mkuu wa afya wa mji, profesa wa anatomia na mtu mzito sana kwenye Vienna ya wakati ule, akapinga uamuzi huo. Mvutano ukaendelea. Halafu 1926 likaja kubwa zaidi: mgonjwa mmoja akamshtaki Reik kwamba amemtibu kitapeli.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa daktari kutoka Marekani. Alikuja Vienna anamtaka Freud. Freud hakuwa na nafasi, akampa rufaa kwa Reik. Ukitaka kuelewa uzito wa rufaa hiyo kumbuka Austria ilikuwa imetoka kwenye vita imeshindwa, pesa yake ilianguka vibaya sana mwanzoni mwa miaka hiyo ya 20, na wachambuzi wa Vienna, Freud mwenyewe akiwemo, walikuwa wanaishi sana kwa wageni Wamarekani na Waingereza wanaolipa kwa pesa ngumu. Mteja Mmarekani kwa kijana mwenye ofisi binafsi alikuwa ni kodi ya nyumba na chakula mezani. Tuseme ukweli, nani kati yetu angemkataa?

Lakini mtu anayefunga safari ya meli kuvuka bahari kwa ajili ya jina fulani kisha anakabidhiwa mtu mwingine, huyo mtu anaingia chumbani na jeraha tayari. Halafu ni daktari, na aliyekaa mbele yake si daktari. Kila mwenye ofisi binafsi anamjua mteja wa namna hii, ametumwa na jina kubwa, anakuangalia anakuona wewe ni wa pili, na wewe unajikuta unafanya kazi kwa nguvu zaidi ili usimwangushe aliyekutumia. Hapo tiba inakuwa na watu watatu, na yule wa tatu hayupo chumbani. Walifanya kazi pamoja kwa muda mfupi, mgonjwa hakuridhika, akaenda kwenye sheria.

Sasa utetezi. Freud, akiwa na miaka 70, aliandika kijitabu kiitwacho Swali la Uchambuzi wa Wasio Madaktari, kikatoka mwaka huohuo wa 1926. Amekipanga kama mazungumzo kati yake na mtu asiyeegemea upande wowote, ambaye anauliza maswali ya mtu wa kawaida: mnafanya nini humo ndani, mnaongea tu? Na kama ni kuongea tu kwa nini inahitaji mtaalamu? Ni maandishi mazuri mno, mi nawapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wasome kabla ya kitu kingine. Hoja yake kubwa ni kwamba tapeli ni yule anayeanza kutibu bila kuwa na elimu ya tiba hiyo, basi, na kwa kipimo hicho madaktari wengi wanaojaribu saikoanalisisi bila kufundishwa ndio matapeli wenyewe, maana shule ya udaktari haiwafundishi chochote kuhusu hii kazi, tena inawazoesha kudharau mambo ya nafsi.

Akaenda mbele akaeleza mafunzo yenyewe yanapaswa kuwaje. Anayetaka kuchambua wengine achambuliwe yeye kwanza, asome nadharia, kisha aanze kesi zake za kwanza chini ya macho ya mzoefu. Akataja kwamba taasisi za namna hiyo zipo tayari, ya Berlin iliyoanza 1920, Vienna nako wameanzisha yao, na ya London ilikuwa ndo inafunguliwa. Masomo ameyataja ya baiolojia na dalili za magonjwa ya akili, lakini pia historia ya ustaarabu, hadithi za kale, saikolojia ya dini na fasihi, vitu ambavyo daktari hagusi kabisa. Na kuna sehemu ambayo watetezi wa Freud wanaipita haraka: amekubali kwamba daktari ndiye afanye uchunguzi wa mwanzo kabla mtu hajaanza uchambuzi kwa asiye daktari, na dalili mpya za mwili zikitokea katikati mgonjwa arudishwe kwa daktari aangaliwe. Huo ni utaratibu wa rufaa kabisa, kama huu wetu wa leo wa kumwambia mteja mwenye kichwa kinachouma kila siku akapime kwanza.

Freud pia alikuwa na lake binafsi humo. Binti yake Anna hakuwa daktari, alikuwa mwalimu wa shule. Otto Rank na Melanie Klein, wachambuzi waliojulikana, nao hawakuwa madaktari. Kwa hiyo kumtetea Reik kulikuwa ni kutetea nyumba nzima, na simlaumu kwa hilo, ila mtu anayechambua kesi lazima aliweke mezani.

Ndani ya chama chenyewe hawakukubaliana. Kwenye mkutano wa kimataifa wa Innsbruck 1927 suala hili lilizungumzwa sana, na jarida lao likachapisha mfululizo wa maoni ya wanachama kutoka nchi mbalimbali. Ferenczi wa Budapest alikuwa upande wa wasio madaktari. Waingereza walikuwa nao wengi na wakawakubali. Wamarekani wa New York, wakiongozwa na Brill, walikataa katakata. Na tusiwaone wabaya hivihivi, Marekani ya wakati ule ilijaa watu wanaojiita wachambuzi baada ya kusoma kijitabu kimoja, wanatoza hela, na madaktari waliokuwa wanajaribu kuifanya kazi iheshimike walikuwa wanaogopa kuchafuliwa jina. Hofu yao ilikuwa na msingi. Dawa waliyoichagua ndo mimi nabishana nayo, kwa sababu walifunga mlango kwa shahada badala ya kufunga kwa mafunzo.

Mei 1927 mashtaka yakafutwa. Na hapa ndo nataka kila kiongozi wa chama asome mara mbili. Kijitabu cha Freud hakikumshinda mtu mahakamani, sheria ya Austria haikubadilika hata nukta. Kesi ilikufa baada ya uchunguzi wa awali, na sehemu kubwa ya sababu ni kwamba mlalamikaji alionekana si shahidi wa kutegemewa. Yaani mtu alikuja kwa sababu hayuko sawa, akalalamika kuhusu tiba, na kule kutokuwa sawa kwake ndiko kukatumika kuliondoa lalamiko lake. Huenda lalamiko lenyewe halikuwa na miguu, inawezekana sana. Lakini ile njia inanisumbua, kwa sababu kwa njia hiyo hakuna mteja wa kazi yetu atakayewahi kuaminika.

Angalia tena mjadala wote ule, kijitabu, barua ya Freud kwa mkuu wa afya, nyingine kwenye gazeti la Neue Freie Presse, maoni ya Innsbruck. Vyote vinauliza nani aruhusiwe kutibu. Swali la nini kilitokea kwenye kile chumba, kama rufaa ilifanywa vizuri, kama mgonjwa alielezwa kwamba huyu si daktari na akakubali, kama alipoanza kulalamika kulikuwa na mtu wa tatu wa kumsikiliza kabla hajaenda polisi, hilo halikuwa ndo suala lililopiganiwa. Na angemwendea nani jamani? Chama ambacho katibu wake ndiye mlalamikiwa na kichwa chake ndiye aliyetoa rufaa? Freud kwenye kesi hii alikuwa mlezi wa kitaaluma wa Reik, mtoa rufaa, mkuu wa chama na wakili wake mbele ya umma, kofia nne juu ya kichwa kimoja, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa ya mgonjwa.

Mi sisemi Freud alikuwa na nia mbaya. Alisimama na mtu wake hadharani wakati angeweza kukaa kimya, na viongozi wengi hukaa kimya. Nasema uongozi wa aina hiyo, wa mzee mmoja mwenye busara anayeshika kila kitu, unafanya kazi mpaka siku lalamiko linapokuja, ndo unakuta hakuna mlango wowote ambao hauelekei sebuleni kwake.

Reik alishinda lakini maisha yake ya kazi Vienna yalikuwa yameshaharibika. 1928 akahamia Berlin, na sasa unaelewa kwa nini Berlin, sheria. Akafanya kazi na kufundisha kwenye taasisi ya huko mpaka Wanazi walipoingia, yeye ni Myahudi, 1934 akaenda The Hague Uholanzi, na 1938 akavuka kwenda New York. Akiwa na miaka 50, amefundishwa na Abraham, amekuwa katibu wa Vienna, ameandika vitabu, chama cha New York kikamwambia hawezi kuwa mwanachama kamili kwa sababu si daktari. Na ni mwaka huohuo wa 1938 ambapo chama cha saikoanalisisi cha Marekani kilikaza sheria ya kuwafungia mafunzo wasio madaktari. Ukisoma hapo unaumia. Mtu kakimbia kifo Ulaya, anafika anakuta swali lilelile la Vienna linamsubiri, safari hii linaulizwa na wenzake wa taaluma.

Alichofanya baadaye ndo sababu namweka kwenye mada ya uongozi. Alifungua kazi binafsi, wanafunzi wakaanza kumfuata, wanasaikolojia na wafanyakazi wa jamii waliokataliwa kwingine, na 1948 wakaanzisha chama na taasisi yao, National Psychological Association for Psychoanalysis, mafunzo kamili bila kudai udaktari. Aliendelea kufundisha na kuandika na akafariki New York tarehe 31 Desemba 1969. Mlango wa chama kikubwa ulikuja kusukumwa 1985, wanasaikolojia wanne walipokishtaki mahakamani chama cha Marekani kwa kuwafungia mafunzo na soko, wakamalizana nje ya hukumu mwishoni mwa miaka hiyo ya 80 na wasio madaktari wakaingia. Jimbo la New York lenyewe likapitisha 2002 sheria ya kutoa leseni ya saikoanalisisi kama taaluma inayojitegemea. Kutoka kijitabu cha Freud mpaka hapo ni miaka 76.

Huku kwetu Kenya njia imekuwa fupi zaidi. Baada ya bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, waliokaa na manusura na familia wakisikiliza usiku na mchana wengi hawakuwa madaktari, walikuwa walimu, wachungaji, manesi, watu wa kujitolea waliopewa mafunzo ya haraka, na nchi ikaona kwa macho yake kwamba kazi hii ipo na inahitajika. Sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ikaja 2014, ikaunda bodi ya kusajili, kutoa leseni na kushughulikia nidhamu. Kwa hiyo lile swali la Vienna sisi tumelijibu kisheria: si lazima uwe daktari, lazima uwe umefundishwa na umesajiliwa. Ni hatua kubwa na nawashukuru waliopigania.

Ila nikisikiliza mikutano yetu mazungumzo bado ni ya cheti. Nani ana digrii, nani ana diploma tu, nani kajiita mwanasaikolojia na hajasajiliwa. Ni sawa, hayo nayo yana umuhimu wake. Lakini mteja wa ofisi binafsi, mama mmoja tuseme, ameenda kwa mshauri anayejulikana ambaye pia ni ofisa wa chama, ameona kitu hakiko sawa, anajua ampigie nani? Anajua kwamba atakayepokea simu hakusoma darasa moja na mlalamikiwa, hamtumii wateja, hasimamiwi kazi naye? Mji ni mdogo na sisi wa hii kazi tunajuana wote, mtu anaweza kuwa mwalimu wako, msimamizi wako na mwenyekiti wako ndani ya mwaka mmoja. Kwa maoni yangu aliye na cheo kwenye chama asimsimamie kikazi mtu ambaye kesho anaweza kuletewa lalamiko lake, na kama tayari anamsimamia basi siku lalamiko likija atoke chumbani, asibaki "kama mwangalizi tu". Na kamati ya malalamiko iwe na watu wasio wa taaluma yetu, mwanasheria, muuguzi, mtu ambaye amewahi kuwa mteja. Najua hilo la mwisho linawakera baadhi ya wenzangu, tumelijadili na hatukuelewana, mi bado nalishikilia.

Na kuhusu Reik mwenyewe na yule Mmarekani, nikiwa namsimamia leo ningemwuliza mambo machache ya kawaida kabisa. Siku ya kwanza ulimwambia wewe ni nani, una mafunzo gani na huna yapi? Mliongea kuhusu yeye kumkosa Freud, au mlijifanya halipo? Alipoanza kununa ulimrudishia aliyekupa rufaa ukamwambia hii haiendi, tumtafutie mtu wa tatu, au ulisubiri kwa sababu ya ada na kwa sababu ya heshima? Faili lako linasema nini kuhusu wiki hizo? Hayo yote yangeweza kufanyika 1926 bila sheria mpya na bila shahada ya udaktari.